Mathe, Gikomba na ile sweta ya buluu ya The Devil Wears Prada

Niaje watu wangu wa Nairobi, nimerudi Manchester juzi usiku, sanduku mnaliona hapo nyuma hata sijalifungua, lakini hii video lazima niifanye leo kabla mambo hayajapoa kwa kichwa. Nikiwa hapo Umoja kwa mathe tuliangalia The Devil Wears Prada, ile muvi ya 2006, najua wengi wenu mmeiona mpaka mkachoka ila mimi ndio ilikuwa mara yangu ya kwanza kuikalia mpaka mwisho.

Mimi si mtu wa kuchambua muvi, mimi nikicheka nimecheka, na hii ilinichekesha sana. Meryl Streep ndiye Miranda, bosi wa jarida la mitindo huko New York, na huyo mama hapazi sauti, anaongea chini chini tu na ofisi nzima inatetemeka, watu wanabadilisha viatu mbio wakisikia amefika. Alafu kuna Emily Blunt, msaidizi wake, hali chakula juu anataka kuenda Paris akiwa mwembamba, akikaribia kuzimia ndio anakula kipande cha jibini. Hapo nilikuwa nacheka mpaka mathe akauliza, "Na huyo wanayemwita mnene ni yupi?" Nikamwonyesha Anne Hathaway, yule msichana msaidizi mpya wa Miranda. Akamwangalia weee, akasema, "Hawa wanaua watoto wa watu na njaa." Sikucheka tena hiyo sehemu.

Na yule boyfriendi wa msichana, aki, mtu amepata kazi yake ya kwanza ya maana anakimbizwa kutoka asubuhi hadi usiku na wewe umenuna juu ya bathdei. Hapana.

Lakini kitu kilimuuma mathe kabisa ni makoti. Kila asubuhi Miranda akiingia anarusha koti na mkoba kwa meza ya msichana, siku baada ya siku, koti tofauti, na mathe kila mara anashtuka, "Ai! Hiyo unaitundika, ukiitupa hivyo bega linaharibika!" Si mnajua ameuza masweta na makoti Gikomba, hapo soko la mitumba, tangu nikiwa darasa la pili. Bale ya kilo 45, unakata zile kamba na kisu, wateja wenye maduka wameshajipanga tangu saa kumi na moja na tochi za simu, mathe anaivuta nguo moja, anaigeuza ndani nje, anashika kwapa, anashika mshono wa shingo, sekunde tatu tu na ameshajua kama ni kamera, yaani ile safi ya daraja la kwanza, au inaenda chini, na ile mbovu inabaki mwisho kabisa ni fagia. Machi 2020 mitumba iliposimamishwa juu ya korona alikaa nyumba mpaka Agosti, na nakumbuka akinipigia usiku ananiambia mikono inamwasha kwa kukosa kazi.

Sasa kuna ile sini yenye kila mtu huongelea. Msichana anacheka mishipi miwili inayofanana, Miranda anamgeukia, anamweleza hiyo sweta yake ya buluu ilitoka wapi: Oscar de la Renta alitoa magauni ya hiyo rangi 2002, Yves Saint Laurent naye makoti ya kijeshi, wabunifu wengine wakafuata, ikashuka kwa maduka makubwa, ikashuka tena mpaka kwa kapu la nguo za bei ya kutupa ambapo yeye aliiokota. Ni sini kali, naikubali. Lakini mathe akashika rimoti akasimamisha, akaniuliza, "Na ikitoka kwa hilo kapu?"

Muvi haisemi. Inaongea ni kama dunia imeishia hapo New York. Na hiyo ndio shida yangu nayo watu wangu, naiona nzuri lakini imekatia njia katikati, juu hiyo sweta msichana akiichoka inaenda kwa sanduku la msaada, inafungwa bale, inapanda meli, inashuka Mombasa, na kuna mama Gikomba saa kumi na moja asubuhi anaigeuza ndani nje anaamua ni kamera au ni fagia. Huyo naye anachagua Nairobi itavaa nini, na hajaulizwa na jarida lolote. Ningetoa pesa yangu niende sinema kuona muvi yake.

Hii koti nyeusi mmenizoea nayo kila wakati wa baridi, hebu nisogee muione vizuri, mathe aliitoa kwa bale wiki nikipata viza. Ndani imeandikwa St Michael. Nilifika hapa mzee mmoja kazini akaishika akaniambia hiyo ni lebo ya kitambo ya Marks & Spencer, mama yake alikuwa na kama hiyo. Na hiki kifungo cha juu, mnaona uzi? Ni wa buluu. Mweusi uliisha na ndege ilikuwa usiku huo.