Rangi Inayomfichua Mdudu wa Malaria

Mabibi na mabwana, hamjambo? Asanteni kwa kufika licha ya mvua na foleni ya Thika Road.

Ukilitazama tone la damu kwenye hadubini bila kulitia rangi, hutambui mengi. Seli zinapitisha mwanga, na mdudu wa malaria yumo humo humo, hana tofauti na maji yanayomzunguka. Anayemtoa mafichoni ni rangi ya Giemsa, iliyopewa jina la mkemia Mjerumani Gustav Giemsa, aliyeitangaza mwaka 1904.

Ndani ya chupa ya Giemsa mna rangi tatu: azuri, methilini bluu na eosini. Bluu ni ya kibesi, yaani kinyume cha asidi, hivyo hung'ang'ania vitu vyenye asidi. Eosini ni ya asidi, nayo hukimbilia himoglobini, ile protini nyekundu ya damu. Azuri na eosini zikikutana juu ya kiini cha mdudu, kiini hugeuka chekundu cha zambarau. Basi unaona kipete cha bluu chenye kito chekundu. Mimi huwa natulia kila nikikiona, hata baada ya miaka yote hii.

Lakini rangi bila maji sahihi ni bure. Mwaka wangu wa kwanza maabara hapa Nairobi, bafa, yaani maji yanayoshikilia kiwango cha asidi kisibadilike, ilituishia. Nikachanganya Giemsa na maji ya betri, yaani maji yaliyosafishwa, yaliyokaa wazi. Maji hayo hufyonza hewa ya kaboni na kuwa na asidi kidogo. Slaidi ikatoka ya waridi tupu. Ilikuwa ya mtoto aliyetoka Busia na homa, nami nilishaanza kuandika "hakuna vimelea". Mkubwa wangu akaishika, akaiinua dirishani, akasema, "Rudia, pH 7.2," yaani kipimo cha asidi cha maji. Nilirudia. Vipete vilikuwa vimejaa.

Kwa hiyo wanafunzi, pimeni maji. Na tone nene, lile la damu isiyotandazwa kwenye slaidi, msiliguse kwa methanoli, kileo kinachogandisha seli. Liacheni maji yapasue seli nyekundu, vimelea vibaki. Tone jembamba, lililotandazwa, ndilo la methanoli.

Jambo moja linanishangaza bado. Mwaka 1891, madaktari Wajerumani Paul Ehrlich na Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria methilini bluu. Ehrlich aliwaza kwamba rangi inayomshika mdudu yaweza pia kumdhuru. Wagonjwa walipata nafuu.

Hadubini mbili ziko pale nyuma. Ya kushoto ni ile slaidi ya waridi niliyoirudia. Leteni macho yenu muitafutie vipete.