Tungamo Bila Kuvunja Ulinganifu

Wengi wenu mmeandika kwenye mitihani, na mkapewa alama, kwamba fotoni, chembe ya mwanga, haiwezi kuwa na tungamo bila kuvunjika kwa ulinganifu wa geji, yaani uhuru wa kubadili namna tunavyouandika uga bila kubadili chochote kinachopimika. Nimekwisha kuipinga kauli hiyo mara nyingi na leo naipinga tena, maana tangu mwaka 1962 mwanafizikia Schwinger alionyesha kwamba katika vipimo viwili, kimoja cha nafasi na kimoja cha wakati, elektroni zisizo na tungamo huipa fotoni tungamo, na ulinganifu ukabaki salama.

Ila mfano nisiochoka kuurudia ni wa vipimo vitatu, viwili vya nafasi na kimoja cha wakati. Mwaka 1982 Deser, Jackiw na Templeton waliiongezea nadharia ya Maxwell, ile ya umeme na sumaku, kipengele kinachoitwa kwa majina ya wanahisabati Chern na Simons. Anayekitazama harakaharaka atasema ulinganifu umekufa. Anayefanya hesabu ataona kwamba badiliko la geji hukiongezea kitu cha mpakani tu, na milinganyo ya mwendo haiguswi. Mgawo wa kipengele hicho, yaani namba inayokizidisha, ndio tungamo lenyewe. Itazameni sheria ya Gauss, inayotaja vyanzo vya uga wa umeme: chanzo cha uga wa umeme sasa si chaji peke yake, bali chaji pamoja na uga wa sumaku uliozidishwa kwa tungamo. Kwa kuwa fotoni yenye tungamo haifiki mbali, uga wa umeme hufifia kabisa huko ukingoni, na hesabu haisawaziki mpaka kila chaji ibebe fluksi ya sumaku, yaani jumla ya uga wa sumaku unaoizunguka, inayolingana na chaji hiyo ikigawanywa kwa tungamo. Chaji imetulia tuli, na bado ina sumaku! Gharama yake ni kwamba spini ya fotoni, yaani mzunguko wake wa asili, huwa chanya moja au hasi moja, kufuatana na alama ya tungamo, na pacha wake wa kwenye kioo hayumo.

Yupo anayenong'ona kwamba huu ni mchezo, kwani sisi tunaishi katika vipimo vinne. Basi aziulize elektroni zilizobanwa kwenye tabaka jembamba la semikonda: mwaka uleule wa 1982 athari ya Hall ya visehemu, ambapo upitishaji wa umeme wa kukingama huja kwa visehemu maalumu, iligunduliwa humo, na kipengele kilekile ndicho kinachotumika kuieleza.

Muda umenibana, kwa hiyo graviti nitaigusa tu. Katika vipimo vitatu milinganyo ya Einstein haiachi wimbi lolote. Chembe iliyotulia haimvuti jirani yake, bali huigeuza nafasi kuwa koni, kama chapati iliyokatwa kabari na kuunganishwa kingo. Ongezeni kipengele cha Chern na Simons kilichoundwa kwa mpindo wa nafasi na wakati, nalo wimbi moja lenye tungamo na spini ya mbili huzaliwa, kwa sharti kwamba kipengele cha Einstein kigeuzwe alama, la sivyo nishati ya wimbi hilo huwa hasi. Nadharia ya Bergshoeff, Hohm na Townsend ya mwaka 2009, inayorudisha ulinganifu wa kioo kwa mawimbi mawili, tutaizungumza wakati wa maswali.