Msasa Usoni
(Mhadhara juu ya vibaka vya ngozi vinavyoletwa na jua, uliotolewa Temeke, Dar es Salaam, mbele ya watu wenye ualbino, wazazi na wauguzi)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Kabla sijaanza, naomba mlioko upande ule wa madirisha mvute viti mje huku ndani. Jua la saa nne limeshafika mstari wa pili, na itakuwa aibu mtu aunguzwe na jua kwenye mhadhara wa jua. (Kicheko.) Dada mwenye mtoto, nimekusikia mlangoni ukimuuliza muuguzi habari za sikio. Nitakuja kwako, usiondoke.

Sasa fumbeni macho. Kila mmoja apitishe ncha za vidole kwenye paji la uso, ateremke puani, juu ya mashavu, nyuma ya shingo, amalizie kwenye masikio. Polepole. Ukikuta mahali panakwaruza, kumbuka hapo.

Nimewafumbisha macho kwa sababu ugonjwa huu kidole huuona kabla ya jicho. Kijana mmoja anayejifunza useremala kule Keko aliniambia, "Daktari, hapa pananikwaruza kama msasa namba themanini." Nikamtazama, sikuona kitu. Nikapapasa, nikakuta kibaka kikavu cha ukubwa wa punje ya mahindi, kimeng'ang'ania ngozi. Akikibandua kinatoka damu kidogo, na baada ya wiki kimerudi. Tangu siku hiyo naviita msasa. Jina la kitabuni ni keratosisi ya jua, nanyi hamlihitaji.

Msasa huo unatoka wapi? Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huingia ndani ya seli za ngozi na kuharibu maandishi ya urithi, yale yanayoiambia seli ikue lini na ife lini. Mwenye melanini nyingi, yaani ile rangi nyeusi ya ngozi, amezaliwa na mwavuli wake. Ndiyo maana mimi na weusi wangu huu sina haja kubwa ya kujipapasa. Saratani ya ngozi kwa watu kama mimi mara nyingi huota kwenye kovu la zamani la moto au kidonda cha mguuni kisichopona. Mwenye ualbino amenyimwa mwavuli, na kaletewa duniani nyuzi saba tu kusini mwa ikweta. Hapa Dar jua hukaa utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, na katikati hapo halituachi mbali. Mwaka 1985 jarida la Cancer lilichapisha utafiti uliofanywa katika jiji hili hili juu ya ngozi ya watu wenye ualbino, ukaonyesha kwamba madhara ya jua huanza utotoni kabisa. Kwa hiyo kibaka unachokipapasa leo ukiwa na miaka ishirini na tano ni deni la mechi za mchangani ulizocheza darasa la pili.

Je, msasa ni saratani? Hapana. Vingine hufifia vyenyewe, vingi hukaa tu miaka. Vichache huchimba chini na kuwa saratani kamili, na shida yetu sisi waganga ni kwamba kwa kutazama hatuwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo kitakachochimba. Ndiyo sababu tunavitibu vyote. Lakini kibaka kikianza kuwa kigumu chini kama kuna kokoto, kikiuma ukikibonyeza, kikitoa damu bila kuguswa, kikikua ndani ya wiki chache, au kikiwa kwenye mdomo wa chini, hapo hatupaki dawa kwanza. Tunapiga ganzi, tunakata kipande kidogo cha ngozi, tunapeleka maabara. Mdomo wa chini msiufanyie mzaha. Watu wanapaka mafuta ya mgando, wanasema midomo imekauka kwa upepo wa bahari, mwaka unapita.

Tuje kwenye tiba. Nitazungumzia zaidi mbili, kwa sababu hizo ndizo mnazoweza kukutana nazo.

Ya kwanza ni kugandisha. Mmeuona ule mtungi unaofuka moshi mweupe. Ndani yake mna naitrojeni ya maji, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri. Ndiyo hiyo hiyo wanayohifadhia mbegu za madume ya ng'ombe kule Usa River, kwa hiyo bwana mifugo na daktari wa ngozi tunapanga foleni moja. (Kicheko.) Tunapuliza kibaka kinakuwa cheupe kama barafu, kinachoma kama umeguswa na kaa la moto, baadaye kinafanya lengelenge, kinakauka, kinabanduka. Muda wa kupuliza ndio wenye siri. Kuna utafiti wa mwaka 2004 ulioonyesha kwamba vibaka vilivyogandishwa chini ya sekunde tano vilipona asilimia 39 tu, na vilivyozidi sekunde ishirini vilipona asilimia 83. Sasa usimlazimishe muuguzi akupulize ishirini kila mahali, maana kadiri unavyozidisha ndivyo kovu na lengelenge vinavyozidi. Lakini ukipulizwa haraka haraka kama mtu anayefukuza mbu, una haki ya kuuliza.

Ubaya wa naitrojeni ni kwamba haingoji. Hata usipoitumia inapungua mtungini, siku hadi siku. Niliwahi kwenda nayo kliniki ya wilayani, gari likaharibika njiani tukalala. Tulipofika na kufungua mtungi, hewa tupu, na watu arobaini wamekaa chini ya mwembe tangu alfajiri. Sina maneno ya kuwaeleza nilivyojisikia.

Ubaya wake wa pili ndio hasa ulionileta hapa. Mtungi hutibu kibaka unachokiona. Lakini jua halikuchagua vibaka, limepiga uso mzima. Kati ya kibaka na kibaka, ile ngozi unayoiona nzuri ina seli zilizoharibika vilevile, hazijatokeza tu. Mwenye shamba lililojaa ndago hang'oi jani moja moja akaenda nyumbani. Ukiwa na vibaka viwili vitatu, mtungi unatosha. Ukiwa navyo uso mzima, tibu shamba.

Dawa ya shamba ni krimu ya florourasili, asilimia tano. Ina historia nzuri. Ilitengenezwa mwaka 1957 iwe dawa ya saratani za ndani, ya kuchoma kwenye mshipa, na mpaka leo inatumika hivyo kwa saratani ya utumbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa Afrika Kusini wakaona jambo: wagonjwa waliochomwa sindano hiyo, vibaka vyao vya jua vilianza kuwaka vyekundu. Dawa ilikuwa inavitafuta yenyewe. Ndipo ikawekwa kwenye krimu. Kazi yake ni ulaghai. Inafanana na kitu ambacho seli inakihitaji ili inakili maandishi yake ya urithi. Seli inaipokea, kazi inakwama. Seli zenye pupa ya kujigawa, yaani zile zilizoharibika, ndizo zinazoumia zaidi.

Inapakwa kutwa mara mbili, wiki mbili mpaka nne, kama daktari atakavyosema. Uholanzi walilinganisha tiba nne kwa wagonjwa 624, matokeo yakatoka mwaka 2019. Baada ya mwaka mmoja, waliopaka florourasili, asilimia 75 hivi tiba yao ilikuwa bado imeshika. Imikwimodi, krimu inayoamsha kinga ya mwili, ilipata 54. Tiba ya mwanga, ambapo unapakwa dawa kisha unamulikwa taa maalumu, ilipata 38. Ya nne, jeli iitwayo injenoli, ilipata 29, na mwaka uliofuata iliondolewa Ulaya kwa wasiwasi kwamba huenda yenyewe inaleta saratani ya ngozi. Nawaambia hivi kwa sababu kila mwezi naletewa picha ya simu: "Daktari, ndugu yangu wa Ulaya anasema kuna taa." Taa ipo. Ila florourasili, krimu ya zamani, imeishinda, na ukitoka kwenye taa hiyo huruhusiwi kuona jua siku mbili. Utarudije Mbagala?

Sasa nisikilizeni vizuri. Miaka mingi iliyopita nilimpa krimu hii mama mmoja muuza vitumbua. Nikamwambia, "Paka asubuhi na jioni, rudi baada ya mwezi." Basi. Foleni ilikuwa ndefu. Siku tano hakuona kitu. Siku ya nane uso ukawa mwekundu. Siku ya kumi ukaanza kuchubuka, na madoa yakatokea hata mahali ambapo hakuwa na kibaka. Wateja wakaacha kununua vitumbua vyake. Jirani akamwambia daktari amekuunguza. Akatupa krimu, akanunua dukani ile ya kung'arisha, yenye steroidi, akapaka mpaka wekundu ukaisha. Alirudi kwangu baada ya miaka miwili, na shavuni kulikuwa na kidonda kinachohitaji kisu. Kosa lilikuwa langu. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake barabara, mimi ndiye sikumwambia kwamba ikifanya kazi inatisha.

Kwa hiyo nawaambia ninyi. Wiki ya kwanza, karibu kimya. Ya pili, wekundu na kuwashwa. Ya tatu, kuchubuka, magamba, uso unaomfanya mtoto akukimbie. Madoa mapya yakitokeza usiseme dawa imeyaleta, yalikuwepo, imeyafichua. Ukiacha kupaka kwa wakati ulioambiwa, ngozi inapona ndani ya wiki chache, na mara nyingi inatoka laini. Usaha, homa au jicho kuvimba si sehemu ya mpango. Hapo rudi haraka. Mjamzito asiiguse, wala anayenyonyesha. Osha mikono, epuka macho, na fungia tyubu mbali na paka wa nyumbani, akilamba anaweza kufa. Mimi hupenda kuianzisha kipupwe, Juni mpaka Agosti, jasho likiwa limepungua. Na waambie jirani na bosi wako kabla ya siku ya kwanza.

Diklofenaki ya jeli nayo ipo, asilimia tatu, ya upole, lakini unapaka miezi miwili mpaka mitatu na haina nguvu hiyo. Msiichanganye na ile ya mgongo ya duka la dawa. Ile haikutengenezwa kwa kazi hii. Kibaka kinene tunakikwangua kwa ganzi, na kinachokwanguliwa kinaenda maabara.

Mtaniuliza, mafuta ya jua je? Kilisun ile ya Moshi, iliyobuniwa kwa ajili ya ngozi yenu, ipakeni kila baada ya saa mbili, kijiko cha chai kizima kwa uso na shingo. Nimeona mtu anapaka kama anayekopa. Na vijana, kapelo haiwafai. Inafunika paji la uso, inaacha masikio na shingo. Kofia ya duara, ukingo mpana, hata kama wenzako wa kijiweni watakuita mvuvi.

Haya, dada. Mlete mwanao hapa dirishani penye mwanga. Mwana, unaitwa nani? Usiogope, nakugusa sikio tu. Muuguzi, njoo na wewe uweke kidole hapa juu ya ukingo. Unasikia? Bonyeza kidogo. Chini ni laini, hakuna kokoto. Hiki ni cha mtungi, Jumatano.