Nani Alipie Dawa Isiyopulizwa?

(Mhadhara kwa viongozi wa vikundi vya wakulima, Busia, Uganda)

Wazee wetu, akina mama, vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie fedha za wahisani zinazokuja kutusaidia kupunguza dawa za kuua wadudu. Nitaanzia dukani. Chupa moja ikiuzwa, mwenye duka la pembejeo anapata faida, aliyemletea anapata, na kampuni iliyoitengeneza inapata. Mkulima akiacha kuinunua, anayefaidika ni yeye, watoto wake na mto wake, na kati ya hao hakuna mwenye fedha ya kumlipa mwalimu. Ndiyo maana dawa inatangazwa redioni na njia ya kuipunguza haitangazwi. Pengo hilo ndilo mahali pa fedha ya hisani.

Tazameni muhogo. Miaka ya 1970 mdudu mweupe mwenye unga kutoka Amerika Kusini aliingia Afrika akawa anakausha mashamba nchi baada ya nchi. Mtafiti Hans Rudolf Herren na wenzake wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan, Nigeria, hawakugawa dawa. Walimtafuta adui wa mdudu huyo, nyigu mdogo kutoka Paraguay, wakamzalisha na kuanza kumwachia Nigeria mwaka 1981. Nyigu akishatua anazaana mwenyewe, kwa hiyo hakuna mfanyabiashara ambaye angewekeza kwake. Wafadhili walilipa, mkulima akapona bila kutoa shilingi. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Sasa tuje kwenye mahindi. Sukuma-vuta mnaijua, ile njia ya kupanda mimea inayomfukuza mdudu na inayomvuta: desmodi, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, katikati ya mistari, harufu yake inamfukuza nondo anayetaga mayai ya funza wa mabua, majani ya napia au brakiaria pembeni yanamvuta nje. Mizizi ya desmodi inamaliza kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, majani analishwa ng'ombe. Viwavijeshi vamizi walipotufikia, wengi ambao hawakuwa wamewahi kupuliza mahindi walikimbilia dukani. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2018, uliofanyika kwenye mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuta mahindi ya sukuma-vuta yana viwavi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80.

Kazi ya sukuma-vuta ilifanywa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Kenya, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rothamsted, Uingereza, na mfuko wa hisani wa Gatsby uliigharamia tangu miaka ya 1990. Nawaomba mzingatie muda huo kuliko kiasi cha fedha. Mbegu ya desmodi ni ndogo mno, tunaichanganya na mchanga ili mkono uweze kuimwaga. Msimu wa kwanza inaota nyembamba, inafanana na magugu, na asiyeelekezwa anaing'oa na jembe. Faida unaanza kuiona vizuri baadaye, ikishafunika ardhi. Mradi wa miaka miwili unatumia miezi ya mwanzo kwa uzinduzi na usajili, ya mwisho kwa ripoti, na mwalimu anaondoka pale pale mkulima anapoanza kuuliza maswali ya maana.

Mafunzo ya siku moja, yenye fulana na posho ya usafiri, sina imani nayo. Baada yake dawa bado inapimwa kwa kifuniko cha chupa, kimoja kikionekana hakitoshi vinakuwa viwili, na bomba linavuja mgongoni. Barakoa iliyogawiwa haivaliki kwa jua la saa saba. Mtu habadiliki kwa semina. Anabadilika akikaa na wenzake shambani msimu mzima, wakihesabu wadudu kwenye majani kabla ya kuamua kama kuna haja ya kupuliza.

Kuna fedha nyingine ambayo haifiki shambani lakini naiheshimu sana. Sri Lanka ilipiga marufuku dawa za shambani zenye sumu kali zaidi, ambazo watu walikuwa wakijiua nazo, moja baada ya nyingine, na vifo vya watu kujiua vikapungua kwa takriban asilimia 70 tangu 1995, wala mavuno hayakuanguka kwa sababu hiyo. Mwaka 2017, kwa fedha za wahisani wa Marekani, Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha kituo cha kuzisaidia serikali nyingine kuifuata njia hiyo. Sisemi tufute dawa zote kwa siku moja. Sri Lanka hiyo hiyo ilijaribu mwaka 2021, pamoja na mbolea za viwandani, ikarudi nyuma mwaka huo huo baada ya wakulima kuumia.

Kwa hiyo mkikaa na mfadhili, kabla ya kusaini, muulizeni ni nani atalipa mafuta ya pikipiki ya afisa ugani msimu wa nne. Akisema hilo litaangaliwa baadaye, ombeni kiasi kidogo kigawanywe kwa miaka mingi. Mbegu nayo tusiisubiri kwake: desmodi inashika hata kwa vipandikizi. Vikundi ambavyo tayari vinayo na viko tayari kuwakatia jirani zao, naomba viongozi wenu mbaki tukimaliza, tupangane kabla ya mvua za Agosti.