Jiwe Lisilotoa Kitu: Mawe na Udongo kwa Bustani ya Kioo ya Mimea Inayokula Wadudu

HASSANI: Karibuni wasikilizaji wetu wa Mtwara, Lindi na kwingineko. Mimi ni Hassani, na kama kawaida niko na Mwalimu Somoe, aliyefundisha baiolojia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwao Mikindani. Shikamoo, Mwalimu.

SOMOE: Marahaba, mwanangu. Naona leo umeingia na mfuko wa mawe, kama mtu anayekwenda kujenga.

HASSANI: Nimekuja nayo kwa sababu ndiyo yaliyoniulia mimea. Mwaka jana niliotesha drosera kwa mbegu, ule mmea mdogo wenye vinyweleo vinavyotoa matone ya utomvu unaonata, ambao inzi akishatua juu yake haondoki tena. Ilipofikia ukubwa wa shilingi nikaihamishia kwenye chombo cha kioo, nikaipambia na mawe meupe niliyoyaokota ufukweni Shangani. Baada ya wiki chache matone yalikauka, majani mapya yakatoka yamekunjamana, kisha ncha zake zikawa nyeusi. Nilidhani ni joto.

SOMOE: Joto linaweza kuchangia, maana kioo kilichofunikwa na kuachwa kwenye jua la hapa kwetu huwa sufuria. Lakini nipe jiwe moja. Hii ni ndimu, nimeikata sasa hivi. Sogeza maikrofoni hapa, nami nitakamua matone mawili juu ya jiwe lako ili wasikilizaji wasikie wenyewe.

HASSANI: Linachemka! Linatoa mapovu madogo madogo kama soda iliyofunguliwa.

SOMOE: Hiyo ni kalisi kaboneti, yaani chokaa, inapokutana na asidi ya ndimu na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Jiwe lako ni tumbawe. Pwani yetu imekaa juu ya matumbawe na mawe ya chokaa. Ndiyo yaliyojenga nyumba za zamani za Mikindani na misikiti ya Kilwa Kisiwani, na ndiyo yanayosagwa kutengenezea saruji hapa Mtwara. Kwa mjenzi ni neema, ila kwa drosera ni sumu ya polepole. Mimea hii imezoea ardhi yenye maji mengi, asidi nyingi na rutuba kidogo mno. Nitrojeni na fosforasi inazozikosa ardhini inazipata kwa wadudu, na mizizi yake haina uwezo wa kukabiliana na madini mengi. Kila ulipoloanisha udongo wako wenye asidi, asidi ile ilikula jiwe kidogo kidogo, kalisi ikashuka kwenye mizizi, na udongo ukapoteza uchachu wake.

HASSANI: Kwa hiyo jiwe lisilochemka kwa ndimu ni salama?

SOMOE: Usiharakishe. Yako mawe ya jamii ya chokaa, kama dolomaiti, ambayo huitikia asidi polepole sana, hata ukamwagia ndimu nzima usione povu. Kwanza likwangue kwa msumari upate unga, kisha dondoshea asidi kwenye unga huo. Halafu kuna kipimo ninachokiamini zaidi: loweka jiwe kwenye maji ya mvua kwa wiki moja, na upime maji hayo kabla na baada kwa kile kifaa kidogo cha kupimia madini yaliyoyeyuka. Namba ikipanda sana, jiwe hilo linatoa kitu, na sisi tunatafuta jiwe lisilotoa kitu. Uzuri wake tutauangalia mwisho.

HASSANI: Na hapa kusini tutalipata wapi jiwe la namna hiyo?

SOMOE: Ondoka pwani, panda kuelekea Masasi. Vile vilima vya mawe matupu unavyoviona ukiingia mjini ni miamba migumu ya kale ya jamii ya granaiti na naisi, ambayo haiyeyuki kirahisi. Kwatzi nyeupe, lile jiwe gumu linalong'aa kama kioo, pia inafaa, tena inamridhisha mtu kama wewe anayependa weupe. Wala si ajabu kwa mimea hii kukaa jirani na granaiti: huko Shelisheli kuna Nepenthes pervillei, mmea wenye majani yenye umbo la mtungi wa kunasia wadudu, ambao huota kwenye miamba ya granaiti.

HASSANI: Tuje kwenye udongo wenyewe. Vitabu vinasema piti na perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za jiwe la volkano lililopashwa moto likavimba, lakini vyote viwili huagizwa kutoka mbali.

SOMOE: Piti ni mabaki ya sfagnamu, mmea mdogo wa jamii ya kuvumwani, yaliyorundikana kwenye vinamasi kwa maelfu ya miaka, ina asidi, inashika maji, na haina rutuba. Changanya sehemu mbili za piti na sehemu moja ya perlaiti au mchanga wa kwatzi. Soma mfuko kwa makini, kwa sababu udongo mwingi wa madukani umetiwa mbolea, na mbolea itaunguza mizizi. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi na vipande vya kombe.

HASSANI: Na makumbi ya nazi, ambayo tunayo tele?

SOMOE: Nilijua utauliza. Makumbi yanaweza kusaidia kuongeza kiasi, lakini uliza kwanza yametoka wapi, kwa kuwa wasokota kamba wa pwani huyafukia kwenye tope la bahari kwa miezi ili nyuzi zilainike, na yakitoka huko yamejaa chumvi. Hata yale makavu yana potasiamu na sodiamu zake za asili. Yaloweke kwenye maji ya mvua kwa siku nzima, yakamue, umwage, urudie, mpaka maji ya kukamua yapime karibu sawa na maji uliyoanza nayo. Mimi nimewahi kurudia mara saba, na mjukuu wangu akaniuliza kama nafua nguo.

HASSANI: Maganda ya korosho je?

SOMOE: Hapana. Mafuta ya ganda lile yanababua hata mikono ya wabanguaji.

HASSANI: Mimi bado naweka sentimita mbili za kokoto chini ya udongo, ingawa najua wewe huzipendi.

SOMOE: Sizipendi kwa sababu maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu ushibe kabisa, na mimea hii inapenda udongo wenye unyevu mwingi, kwa hiyo unapunguza tu kina cha mizizi. Ila kama chombo hakina tundu na umeweka mrija wa kufyonzea maji yaliyozidi, nakubali hoja yako. Jambo lisilo na mjadala ni maji: tumia ya mvua, chini ya miligramu 50 za madini kwa lita, ukinge kuanzia Desemba hadi Aprili kwenye ndoo au tangi la plastiki baada ya mvua za kwanza kuosha bati. Tangi la saruji litakurudishia chokaa uliyoikimbia.

HASSANI: Basi pima na hili la mwisho. Ni granaiti ya Masasi, nimeliokota kwenye lundo la mawe ya ujenzi. Mbona linachemka kwenye kona hii tu?

SOMOE: Lete msumari. Unaona hii rangi ya kijivu inavyobanduka? Ni saruji iliyogandia. Vunja kona hiyo, uloweke kipande kilichobaki kwa wiki, kisha uniletee namba zako.

HASSANI: Na haya meupe ya Shangani?

SOMOE: Yazungushie mkomamanga wa mama yako. Ule hauna ugomvi na chokaa.