Siku moja kwenye Pennine Way, nikiiwaza njia ya Kikondo

Ndugu zangu mlioko Mbeya, Rungwe, Makete na kote Nyanda za Juu Kusini, nawasalimu. Wazee wangu, shikamooni. Hapa nilipo ni saa mbili na nusu asubuhi, mwishoni mwa mwezi Mei, na mto mnaouona nyuma yangu unaitwa Tees, kaskazini mwa Uingereza. Usiku nimelala katika nyumba ya wageni karibu na mahali paitwapo Langdon Beck, na leo nitatembea hadi kijiji cha Dufton, mwendo wa takriban kilomita 20. Hicho ni kipande kidogo tu cha njia ya miguu iitwayo Pennine Way, ambayo yote kwa jumla ina kilomita zipatazo 430, kutoka kijiji cha Edale hadi Kirk Yetholm, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Uskoti.

Mama yangu ameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini mtu aliyelelewa katika kijiji cha Kikondo, huko kwetu milimani Mbeya, ambaye tangu utotoni alishuka Isyonje na mzigo wa viazi kichwani na kupanda tena jioni, alipe nauli na malazi ili atembee kwa miguu. Swali lake ni la haki, na nimekuja na kamera leo ili nimjibu yeye na nyinyi nyote kwa pamoja.

Naomba mwangalie hili lango dogo la mbao. Upande wa pili ni malisho ya mfugaji, na kondoo wale wenye nyuso nyeusi ni mali yake, lakini mimi, mgeni asiyemjua wala kujulikana naye, nitalifungua lango hili, nitapita katikati ya malisho yake, nitalifunga nyuma yangu, na hakuna atakayeniuliza nimetumwa na nani. Haki ya kupita hapa imeandikwa katika sheria, na njia yenyewe imechorwa katika ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuinunua dukani. Kwenye nguzo mnaona alama ya tunda la mwaloni, ambayo ndiyo alama ya njia zote ndefu za taifa katika nchi hii. Alama hiyo ndogo imenigusa kuliko mandhari yoyote niliyoyaona tangu nianze kutembea huku, kwa sababu inamwambia mpita njia kwamba mahali hapa panamtambua.

Msidhani kwamba haki hiyo ilipatikana kwa urahisi. Mwaka 1932 vijana wapatao 400, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na miji ya jirani, walipanda mlima Kinder Scout kwa makusudi bila ruhusa, kwa kuwa wenye ardhi walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege, na watano kati yao walifungwa jela. Miaka mitatu baadaye mwandishi wa habari aitwaye Tom Stephenson alipendekeza gazetini kwamba iwepo njia moja ndefu ya kijani kupita katika uti wa mgongo wa nchi hii. Ilimchukua miaka 30 ya kushawishi na kujadiliana hadi njia hiyo ikafunguliwa rasmi tarehe 24 Aprili 1965, siku na mwezi uleule ambao vijana wale walipanda Kinder Scout. Jambo ninalotaka mlishike ni kwamba sehemu kubwa ya njia hii haikujengwa upya. Waliunganisha vijia vya wachungaji, vya wachimba madini na vya watu waendao sokoni, ambavyo vilikuwepo tayari.

Sasa nimefika chini ya majabali yaitwayo Falcon Clints, ambako njia inabanwa kati ya mwamba na mto, na kwa nusu saa nzima nimekuwa nikiruka kutoka jiwe hadi jiwe. Mkisikia mlio mrefu unaopanda na kutetemeka, huyo ni ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye watu wa pwani humwita sululu. Huku hupanda milimani kutaga mayai wakati wa machipuko.

Huo mngurumo mnaousikia ni wa Cauldron Snout. Mto Tees unashuka hapa kwa ngazi ndefu ya mwamba mweusi, na anayekwenda Dufton hupanda kando yake akishikilia mawe kwa mikono. Mwamba huu ulitokana na mawe yaliyoyeyuka kwa joto chini ya ardhi, yakapenya kati ya matabaka na kuganda karibu miaka milioni 300 iliyopita. Wana Rungwe watauelewa haraka, kwa kuwa Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba kwenye Mto Kiwira, nalo ni kazi ya moto wa ardhini, ingawa la kwetu ni changa mno likilinganishwa na huu.

Juu ya maporomoko lipo bwawa la Cow Green, lililokamilika mwaka 1971 ili kuvipatia maji viwanda vilivyoko karibu na pwani. Wataalamu wa mimea walilipinga kwa nguvu, kwa sababu ua hili la samawati iliyokolea ninalowaonyesha, ambalo si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, huota katika eneo hili peke yake katika kisiwa chote cha Britania. Sehemu ya ardhi yake ilizama, na iliyobaki inalindwa. Nilipopiga magoti kulitazama, niliikumbuka Kitulo, Bustani ya Mungu kama tunavyoiita, yenye aina 45 za okidi zinazoota ardhini, na nikawakumbuka pia watu wanaochimba mizizi ya okidi hizo kuipeleka Zambia ikawe chakula. Kitulo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nawasihi ndugu zangu wa Matamba na Makete msichoke kuitetea.

Tazameni pia jinsi ambavyo hapa hakuna mti hata mmoja. Maji ya bwawa lile yako karibu kimo kimoja na maji ya Ziwa Nyasa, yaani chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kwetu katika kimo hicho unakaa chini ya mwembe ukila samaki wa Matema, na huku upepo unanifanya nifunge koti hadi kidevuni. Udongo nao ni mweusi na umetota kama wa vinyungu vya Njombe, yaani bustani za mabondeni, umetokana na mimea iliyooza taratibu kwa maelfu ya miaka. Katika sehemu nyingine za njia watunzaji wamelaza mabamba ya mawe yaliyokuwa sakafu za viwanda vya pamba vilivyobomolewa, ili miguu ya watu wengi isiuharibu.

Baada ya shamba la upweke la Birkdale nimetembea zaidi ya saa mbili bila kukutana na mtu. Upande wa kushoto zilionekana bendera nyekundu za eneo la mazoezi ya jeshi, kisha nikavuka kijito kiitwacho Maize Beck, kisha nyasi tupu. Sikupiga picha nyingi hapo. Nilikuwa nikimfikiria bibi yangu, marehemu, aliyetufundisha mahali pa kuukanyaga mto bila kuteleza, na mti wa kupumzikia ambao kila mpitaji aliuheshimu. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho kile kijia chetu cha kutoka Kikondo kushuka Isyonje kilikuwa kimemezwa na vichaka, kwa kuwa siku hizi watu na viazi hupita barabarani kwa pikipiki. Silaumu hilo, kwani mzigo ule ulichosha shingo za mama zetu.

Na sasa subirini, nawageuzia kamera. Ardhi inakatika ghafla miguuni pangu, na mbele linafunguka bonde refu lenye umbo la kitako cha mtumbwi, lililochongwa na barafu, huku mwamba uleule mweusi umelizunguka ukingoni kama taji. Hapa ni High Cup Nick. Nitanyamaza kidogo ili mtazame.

Ni saa kumi na mbili jioni, nami nimefika Dufton, kijiji cha nyumba za mawe mekundu. Jua halitazama hadi baada ya saa tatu usiku. Chumba nimekilipia kwa mama mwenye nyumba, chakula nitakinunua hapa hapa, na waliotembea leo watafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana nasema kwamba Isyonje, Kikondo, Kitulo na Matamba, kisha kuvuka safu ya Livingstone hadi Matema ufukweni, ni njia ndefu ambayo tayari imekanyagwa na wazee wetu, na inahitaji kuandikwa kabla wanaoijua hawajaondoka. Vijiji vyetu vina vyumba, vina viazi, vina maziwa, na ndani ya hifadhi tutalipa ada na kufuata taratibu zake.

Ninakuja Desemba, maua yanapoanza kufunguka, nikiwa na kifaa cha kuchukua vipimo vya njia na daftari. Mjomba, najua binti yako anakuonyesha video hizi. Wewe ndiye unayekumbuka vivuko vyote vitatu na jina la kila kimoja. Nichongee fimbo kama yako, na umwambie mzee mwenzako wa Matamba atusubiri, maana nataka tutoke Kikondo alfajiri, kabla ukungu haujafunga.