Usiniulize Nani Atapunguza Kodi, Niulize Atatoza Nani

Asanteni, kaeni basi. Najua wengine wenu mmeshanisikia nikisema haya mambo, na nitayasema tena, kwa sababu uchaguzi wa 2027 uko karibu na wanasiasa wameanza ule wimbo wao wa chagua mimi nipunguze kodi, na watu wetu wanapiga makofi.

Mkumbuke uchaguzi wa 2022 hapa Kenya. Marehemu Raila Odinga na muungano wake wa Azimio walisema familia milioni 2 zenye shida zitapata 6,000 kila mwezi, na biashara za vijana zikae miaka 7 bila kodi. William Ruto na muungano wake wa Kenya Kwanza wakaja na Hustler Fund, mfuko wa mikopo kwa watu wa biashara ndogo, bilioni 50 kwa mwaka, na nyumba 250,000 kila mwaka. Watu wakabishana usiku na mchana nani anawapenda zaidi. Hebu pigeni hesabu. Familia milioni 2 mara 6,000 ni bilioni 12 kwa mwezi, bilioni 144 kwa mwaka. Hiyo ni ahadi ya kodi hata kama neno kodi halikutajwa, manake hiyo pesa lazima itoke kwa mtu. Upande wa pili ni vilevile. Nyumba ziliimbwa sana kwa mikutano, lakini nani hapa alisikia kwa mkutano kwamba 1.5% ya mshahara wake itakatwa ya kuzijenga, na mwajiri aongeze ingine kama hiyo? Inueni mikono. Nangoja.

Haya. Sasa hapa ndo nataka tukae, kwa mama mboga, manake ndo jina lililobeba kampeni nzima ya Ruto. Oktoba 2022, hata miezi miwili haijaisha tangu aapishwe, Rais Ruto alisimama mbele ya watu wa KRA, wale wanaokusanya kodi ya serikali, akasema nchi inatoza biashara kupita kiasi na mali inatozwa kidogo. Nilikubaliana naye kabisa na bado nakubaliana. Halafu ikaja Sheria ya Fedha ya 2023, na kodi ya mauzo, ile KRA wanaita TOT, ikatoka 1% ikaenda 3%. Mara tatu! Na shida kubwa si hata hiyo asilimia, shida ni kwamba inakatwa kwa mauzo, si kwa faida.

Chukua mtu wa duka, anauza unga, sukari, mafuta ya kupika, vitu vya faida ndogo. Mwaka mzima ameuza milioni 3. Akitoa pesa ya stoki, ya landilodi, ya stima na ya kijana anayemsaidia, anabaki na 150,000. Kwa 1% alikuwa analipa 30,000. Kwa 3% analipa 90,000, abaki na 60,000, elfu tano kwa mwezi, na ana watoto shule. Kampuni kubwa inalipa 30% ya faida, huyu analipa 60%. Na akipata hasara mwaka huo? Bado 90,000 iko palepale.

Kuna mtu huniambia ati mama mboga hafiki kiwango cha kulipa TOT. Kiwango ni mauzo ya milioni moja kwa mwaka, gawanya kwa siku 365, ni kama 2,740 kwa siku. Enda soko la Kongowea ama la Gikomba uone nani hauzi hiyo kabla ya saa sita mchana. Mwingine husema ati sheria inamruhusu achague kodi ya kawaida ya faida. Ni kweli, lakini lazima aandikie KRA na aweke vitabu vya hesabu mwaka mzima, sasa mhasibu atamlipa na nini? Na yule mwingine ndo hunikasirisha kabisa, ati tulia, KRA hawawezi kumfikia. Bwana, wateja wanalipa kwa till ya M-Pesa, kila shilingi imeandikwa! Na hata kama wasingemfikia, kodi unayoipitisha ukitumaini watu hawatailipa ni kodi ya aina gani hiyo?

Sasa linganisha na mali. Mtu anauza ploti, faida milioni 10, anatozwa 15%. Mwalimu akipita 32,333 kwa mwezi, kila shilingi ya juu inakatwa 30%. Hiyo 15% ilipitishwa wakati wa Rais Uhuru Kenyatta, kabla ya hapo ilikuwa 5%, kwa hivyo msinisikie nikilaumu serikali moja. Kwa hiyo miaka yote sijasikia mgombea mkubwa akifanya ardhi iliyolala bila kazi kuwa ajenda yake ya kodi. Katiba kifungu cha 201 inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na hatuwaulizi.

Naona naonyeshwa saa. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta kutoka 8% hadi 16% nitairuka, mnaisikia kila mkipanda matatu. Mswada wa Fedha wa 2024 pia, ule uliotaka kutoza mkate VAT, nyinyi vijana ndo mlikuwa barabarani Juni 25 mkiupinga, mnaujua kuliko mimi. Kodi za kaunti leo hatuzifikii.

Yeyote atakayekuja hapa kuomba kura, mpeni karatasi aandike mbele yenu: duka la mauzo ya milioni 3 litalipa ngapi, mwalimu wa 50,000 atalipa ngapi, mwenye ekari mia zilizolala atalipa ngapi. Akisema atawaletea majibu baadaye, asipewe maikrofoni tena. Haya, mama pale nyuma umeinua mkono kitambo, uliza.